Babu wa Ndani ya Sinki

Mwezi uliopita nilikwenda kuangalia fleti ya kupanga kule Thamesmead. Dalali alikuwa kijana mchangamfu, amevaa suti iliyombana mabega, na alisifia kila kitu mpaka vitasa vya kabati. Tulipofika jikoni akaniambia kwa fahari kwamba sinki lile lina mashine ya kusaga mabaki ya chakula, kitu ambacho nyumba nyingi za London hazina. Akabonyeza swichi ili nisikie. Mashine ikaguna, ikaendelea kuguna, lakini haikuzunguka. Akabonyeza tena na tena, uso ukamwiva, akaanza kuomba radhi. Alisema imekufa, wenye nyumba wataing'oa.

Nilimwambia aizime tu, haijafa. Inayoguna bado iko hai. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiria, tena kwa sauti ya mama yangu kabisa, na nikajikuta nimesimama mbele ya sinki la watu huku machozi yananilengalenga. Maskini dalali wa watu, nadhani aliamini nimeipenda sana fleti yake.

Mimi nililelewa na mashine kama ile. Nasema nililelewa, wala sitanii. Tulikuwa tunakaa Queensbury, upande mwingine wa London, mama na mimi, wawili tu, katika chumba cha juu cha nyumba ya mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza. Mama alimwita Mama Karim, kwa jina la mwanawe wa pekee. Mimi nilimwita Bibi. Yeye alimwita mama Sista, kwa sababu mama alikuwa muuguzi, na huko walikotoka wote wawili muuguzi ni sista hata akiwa sokoni ananunua mchicha. Jiko tulikuwa tunalitumia pamoja. Lilinukia bizari, nguo zinazokaukia kwenye rediata, na kila baada ya chakula cha jioni, ndimu.

Harufu ya ndimu ilitoka kwenye sinki. Chini yake ilifungwa mashine ya kusagia mabaki, ambayo marehemu mume wa Bibi aliinunua mwenyewe na kuifunga kwa mikono yake, akilalia mgongo kwenye sakafu, wakati majirani wote wa mtaa hawajui hata kitu hicho kina kazi gani. Bibi alikuwa akitusimulia hadithi hiyo kila mgeni alipokuja, nasi tulikuwa tukiisikiliza upya kila mara. Mzee alifariki kabla sisi hatujahamia pale. Nilimjua kwa picha tu, iliyotundikwa karibu na friji, mzee mnene mwenye miwani mizito na tabasamu la mtu aliyekwisha kushiba.

Basi kila jioni Bibi alikusanya mabaki ya sahani, akayasukuma kwenye tundu la sinki, akafungua maji ya baridi, na kabla hajabonyeza swichi akasema, "Haya, Baba Karim, chakula." Mashine ilinguruma, ikakohoa, ikameza. Mwisho akatupia ganda la ndimu na kusema sasa kinywa ni safi. Ukimuuliza kwa nini maganda ya ndizi anayatupa kwenye pipa, alijibu kwamba Baba Karim hayapendi, yanamkwama.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka mitano au sita, na niliyachukua maneno yake yote kama yalivyo. Babu anaishi ndani ya sinki. Sikuona ajabu yoyote. Darasani kwetu kulikuwa na msichana aliyetuambia babu yake yuko kwenye chungu juu ya meko ya sebuleni, na mwalimu alimwitikia kwa upole kabisa. Kama babu wa watu anaweza kukaa kwenye chungu, wetu angeshindwaje kukaa kwenye sinki, tena mahali anapopata chakula cha moto na maji?

Shida yangu ilikuwa kwamba sisi tulimnyima. Mama alilelewa Tanga, katika nyumba ambayo punje ya wali haimwagwi, na sahani zake zilirudi jikoni safi kiasi cha kutohitaji kuoshwa. Nikawa naacha matonge mawili matatu ya Babu pembeni mwa sahani yangu. Mama alinigombeza kwa israfu, nami sikuweza kujitetea, maana wakati huo Kiswahili nilikielewa chote lakini jibu langu lilikuwa Kiingereza, na kwa Kiingereza jambo lile lilisikika la kipumbavu hata masikioni mwangu.

Na Babu nilizungumza naye Kiswahili. Niliona ndiyo adabu, kwa kuwa Bibi alimsemesha hivyo. Bibi akienda kuchukua sabuni, nami napanda kigoda changu, nainamia lile tundu la mpira mweusi na kusema, "Shikamoo, Babu." Akirudi na kubonyeza swichi, ule mngurumo wa kwanza nikauhesabu ndiyo marahaba. Kiswahili ninachoandikia leo nilianza kukinyoosha pale, nikiwa nimeinamia bomba la maji machafu.

Kisha ikafika siku ya kumkumbuka Babu. Kila mwaka Bibi alimwombea dua na kuwapikia jamaa, na mwaka ule mama akajitolea kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa sababu Bibi alikuwa ametuambia kwamba mumewe, enzi za biashara zake, akitoka Tanga alirudi nyumbani akisifia chakula cha Tanga mpaka mkewe akanuna. Mama hakutaka tui la kopo kwa shughuli kama ile. Alinunua nazi nzima Peckham, akazibeba kwa mabasi hadi Queensbury, akaitoa mbuzi yake chini ya kitanda, akaikalia katikati ya jiko na kuanza kukuna. Bibi alivuta kiti akakaa kumtazama. Alisema hajaisikia sauti ile tangu aondoke Mwanza, mtumishi wao alikuwa akikuna hivyohivyo uani, chwa, chwa, chwa. Furaha ilimpanda. Mama alipokwisha kukamua tui na kugeukia samaki wake, Bibi akaona asaidie kusafisha. Akayazoa machicha yote, bakuli zima, pamoja na vipande vya kifuu vilivyovunjikia humo, akayasukuma kwenye tundu.

"Haya, Baba Karim," alisema. "Ya Tanga hiyo."

Mashine ilinguruma mara moja tu. Halafu ikaguna, mguno mzito usiokwenda mbele wala nyuma. Bibi akazima, akawasha, akazima, akawasha. Mara ya mwisho haikuguna. Ikanyamaza kabisa.

Wageni walikula, wakasifu, wakaenda zao. Jikoni wanawake wawili walikuwa wanagombea kosa kwa adabu zote. Mama alisema nazi ni zake na alipaswa kuonya. Bibi alisema nazi haikutembea yenyewe, mkono ni wake. Mama akajaribu kile ambacho angejaribu kwao bomba likiziba: akachemsha birika la maji na kumimina lote. Maji yakapandia upande wa pili wa sinki, meupe, yananukia wali. Mama akayatazama, akaweka birika chini, akasema basi, hapo amekosea.

Karim alirudi jikoni baada ya kuwasindikiza wageni. Alikuwa mtu mpole, mfamasia, anayempenda mama yake na kumpigia simu kila siku. Alibonyeza swichi, akakagua plagi, akachuchumaa akagonga tumbo la mashine kwa kidole. Hakuna kitu. Akamwambia mama yake kwa Kiingereza, taratibu, kwamba mashine imezeeka, imefanya kazi yake, Jumatatu atamtuma fundi aing'oe aitupe, na atamfungia mpya, nzuri zaidi, isiyopiga kelele. Bibi akasema sawa, mwanangu. Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo mama alikuwa ameshaifuta. Aliifuta muda mrefu, ameipa picha mgongo.

Mimi nilisimama mlangoni, na niliyoyasikia ni haya: Babu amekwama, amenyamaza, na Jumatatu atakuja mtu kumng'oa na kumtupa kwenye pipa la nje. Wote wanajua. Wote wamekubali. Nilikwenda nikalala na nguo zangu za sikukuu, sikutaka kuguswa na mtu yeyote.

Jumapili mama hakuwa na zamu. Aliposhuka asubuhi alimkuta Bibi ameketi jikoni na chai iliyopoa. Alivua bangili zake. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kila kidole peke yake. Akatandika taulo safi sakafuni mbele ya kabati la chini ya sinki, akapanga juu yake tochi, koleo, kijiko kirefu na bakuli, kwa mstari, vipini vyote vikielekea upande wake. Kisha akalala chali, kichwa ndani ya kabati, na nikamsikia akisema kwa ile sauti yake ya hospitali, "Mzee, sasa nachomoa umeme. Usishtuke."

Lazima nieleze jambo hilo. Mama hakumgusa mgonjwa bila kumwambia kwanza anachotaka kumfanyia, hata mgonjwa asiyejitambua. Alifundishwa hivyo, naye akaamini zaidi ya alivyofundishwa. Aliwaambia sasa nakugeuza, sasa maji yatakuwa ya baridi, sasa nitakuchoma kidogo. Mazoea yakamfuata hadi nyumbani, hata kuku alimwarifu kabla ya kumkata. Kwa mama ule ulikuwa mdomo tu unaofuata mikono. Kwangu mimi ulikuwa ushahidi wa mwisho. Mama yangu muuguzi anazungumza na Babu, na Babu bado anasikia.

Alianza kwa juu. Alimulika tundu kwa tochi, akachota machicha kwa kijiko na koleo, polepole, bakuli baada ya bakuli. Mkono hakuingiza. Bibi alipotaka kusaidia kwa vidole, mama akamzuia, akasema humu mkono hauingii hata umeme ukiwa umechomolewa. Yakatoka machicha mpaka nikashangaa nazi ngapi zilikunwa. Lakini chini kabisa kulikuwa na kitu kigumu, kimebanwa kati ya sahani ya chuma inayozunguka na ukuta wake, na koleo lilikishika bila kukitikisa.

Mama akarudi chini. Akapapasa tumbo la mashine kwa ncha za vidole, macho ameyafumba, vile anavyotafuta mshipa. Vidole vikasimama mahali pamoja. Alisema kuna kitufe hapa, chekundu, kimeruka nje. Akafikiri, kisha akasema kwa sauti kwamba ilipobanwa ikapata joto, na ilipopata joto ikajizima yenyewe isiungue. Akamgeukia Bibi kutoka sakafuni.

"Mama Karim, hajafa huyu. Amezimia."

Bibi aliinuka. Alihamisha kiti chake akakisogeza karibu na kabati.

Katikati ya tumbo lile, mama alisema, kuna tundu dogo la pembe sita, bila shaka ni la kuizungusha kwa mkono, ila linataka kifunguo chake. Bibi akasema Karim alishavigawa vifaa vyote vya baba yake. Mama akapitisha tochi ndani ya kabati, nyuma ya chupa za sabuni na mifuko ya plastiki, akacheka kidogo. Kifunguo kilikuwa palepale, kimefungwa kwenye bomba kwa uzi, kipande cha chuma kilichopinda, kimezungushiwa utepe mweusi kwenye mpini ili kisimuumize mtu mkononi. Baba Karim alikiacha mahali ambapo mtu mwenye shida angekuwa amelala. Bibi aliomba akishike kwanza. Aliusugua ule utepe kwa dole gumba, halafu akakirudisha.

"Mzee, sasa nakuzungusha. Itauma kidogo."

Hakikwenda. Mama alisukuma kulia, kikagoma. Akavuta kushoto, kikagoma. Aliona kwamba nguvu zitavunja kitu, akaacha kulazimisha, akawa anakwenda nyuma na mbele, kidogo tu, kidogo tu, anapumzika, anarudia. Jasho lilimtoka kwenye shingo. Nilikuwa nimechuchumaa miguuni pake na nilimwona mama yangu kwa mara ya kwanza katika kazi yake. Siku zote alikuwa mtu anayeondoka na kurudi amechoka, ananukia dawa ya mikono. Sikujua kwamba huko anakokwenda ndiko anakuwa hivi, mtulivu, hana haraka, haoni aibu kutojua, anajaribu hili na akishindwa anajaribu lile, na muda wote anamheshimu aliyeko mikononi mwake. Mafundi wengi nimewaona tangu siku hiyo, na madaktari, na wakubwa wa kazini wenye vyeti ukutani. Nimewapima wote kwa mwanamke yule aliyelala chini ya sinki, na wengi wamepungua.

Kitu kikalia, kak, na kifunguo kikazunguka duara zima. Mama alitoka kwenye kabati, akaingiza koleo kwa juu, akatoa kipande cha kifuu kisichozidi ukucha. Akakiweka kwenye kiganja cha Bibi. Akakibonyeza kile kitufe, kikabaki ndani. Akarudisha plagi, akafungua maji, akarudi nyuma hatua moja.

"Washa wewe, Mama Karim."

Bibi alikaribia ukutani, akaweka kidole juu ya swichi. Alipobonyeza, mashine ilinguruma, ikakohoa mara mbili, ikatema harufu ya nazi, ikatulia kwenye sauti yake ile ya kila siku. Bibi aliweka kipaji cha uso kwenye kabati la juu na kulia, maji yakiendelea kutiririka. Mama hakumwambia anyamaze. Alisimama kando yake, mikono imelowa, amemgusa bega kwa bega.

Hapo ndipo nilipouliza. Niliuliza kwa Kiswahili, sentensi kamili, na mama aligeuka kama aliyeitwa na mtu asiyemjua.

"Babu hakuumia?"

Mama alinitazama, akatazama sinki, akamtazama Bibi, na nikaona jambo zima linamwingia, matonge niliyokuwa naacha, kigoda, nguo za sikukuu nilizolalia. Akafungua mdomo kunieleza ukweli. Bibi akamshika mkono kumzuia, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Hakuumia, beta, mwanangu," alisema. "Nazi tu ilimkwama. Mama yako amemtibu."

Jioni ile alimpigia Karim kumwambia fundi asije. Na tangu siku hiyo swichi ikawa kazi yangu.

Bila shaka nilikua, na ukweli ukanijia taratibu, bila siku maalumu. Bibi naye alizeeka. Alianguka bafuni, na Karim akamchukua kwake, nyumba nzuri yenye jiko jipya ambalo hata friji yake haina sauti. Sisi tukaachiwa nyumba tuitunze. Kila Jumapili Bibi alipiga simu, akaulizia afya zetu, masomo yangu, maua yake ya uani, na mwisho, sauti imeshuka kama anayeomba kitu cha aibu, akasema, "Sista, washa kidogo nisikie." Mama aliweka simu karibu na tundu, akafungua maji, akawasha. Bibi alisikiliza. Wakati mwingine alisema maneno mawili matatu kwa Kigujarati, ambayo hayakuwa ya kutuambia sisi, na mama alitazama pembeni.

Nilikuwa nimeshaingia sekondari, umri ule wa kujua kila kitu, na siku moja, simu ikiwa bado kwenye tundu, nikamwambia mama kwamba ile ni mota tu.

"Najua ni mota," alisema. "Nyamaza, Bibi asikie."

Asubuhi Karim alipopiga simu yeye mwenyewe, nilikuwa nimeshavaa begi la shule. Mama alisikiliza bila kukatiza, akampa pole, akamuuliza kama alikuwa peke yake wakati ule na kama amekula. Alipokata simu hakulia, hakukaa. Alivua bangili. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Akasogea mbele ya sinki, akalishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Mzee," alisema, kwa sauti ileile. "Samahani. Mama Karim ametutoka leo alfajiri. Hakuteseka."

Akasubiri, kama anavyowasubiri ndugu wa wagonjwa wanapokosa la kusema. Kisha akafungua maji ya baridi, akanitazama, nami nikavua begi, nikabonyeza swichi.